Injini Ndogo ya Mvuke Iliyojengwa na Mikono Usiyoijua

Mtu wa Kichiwa, huku kwetu Njombe, akitaka kuona treni hana safari ndefu. Anapanda gari hadi Makambako, anasogea karibu na stesheni ya TAZARA, na siku ikiwa ya bahati ataona kichwa cha dizeli kikivuta mabehewa kuelekea Mbeya au Dar es Salaam. Mvuke hatauona. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976 ikiwa ya dizeli tangu mwanzo. Magari moshi ya kweli yalikuwa ya reli nyingine: ile ya Tanga, na ile ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo anayepata injini ndogo ya mvuke ya mezani, ya kuchemsha maji kweli na kutembea yenyewe, amepata kitu ambacho hata mstaafu wa TAZARA aliye jirani yake hakuwahi kukifungua.

Huku kwetu injini hizi huja kwa njia za pembeni. Nyingine hutoka kwenye kontena la vitu vilivyotumika, nyingine huachwa na mgeni aliyefunga nyumba na kurudi kwao, nyingine hununuliwa mnadani Uingereza na ndugu aliyedhani watoto watazifurahia. Nyingi kati yake ziliuzwa zikiwa vipande ndani ya boksi, mnunuzi akaziunganisha mwenyewe sebuleni au gereji. Mamod, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1937, iliiuza injini yake ya SL1 kwa namna zote mbili, ikiwa imekamilika na ikiwa vipande. Roundhouse ya Doncaster nayo huuza vipande, lakini boila huja tayari imeunganishwa na kupimwa.

Hapo ndipo ushauri wangu wote unapoanzia. Injini iliyokamilishwa kiwandani ikigoma, unatafuta kilichochakaa. Iliyounganishwa nyumbani inaweza kuwa haijawahi kutembea sawasawa hata siku moja. Kuirudisha ilivyokuwa hakutakusaidia kitu, maana ilivyokuwa ndiyo mbovu. Unachokirekebisha ni kazi ya mtu usiyemjua, na kabla ya kushika bisibisi inakubidi umsome mtu huyo.

Msome kwenye vichwa vya skrubu. Vikiwa vimelika pembe, alikuwa na haraka au alikuwa na bisibisi isiyo saizi yake, na ndani utakuta mengine ya namna hiyo. Tazama kama rangi imeingia kwenye matundu ya ekseli, kama bomba la mvuke limepakwa silikoni ya mafundi madirisha, kama skrubu za upande wa kushoto hazifanani na za kulia. Chungulia sehemu ya moto. Isipokuwa na masizi, na silinda zisipokuwa na mafuta meusi, huenda injini haikuwahi kuwashwa, na sababu ya kutowashwa bado imo humo ndani. Kinyume chake, boila iliyobadilika rangi upande mmoja, au yenye chozi la risasi lililoganda chini ya kiungo, iliwashwa ikaishiwa maji. Hiyo ni habari mbaya kuliko kutu yoyote.

Piga picha kwa simu kila upande kabla hujafungua kitu, na tena kila unapotoa kipande. Trei ya mayai ni nzuri kwa kuhifadhia skrubu: kila shimo liwe na skrubu za sehemu moja, na kipande cha karatasi kinachosema zilitoka wapi. Hizo skrubu nazo zina fitina yake. Injini za Uingereza hutumia sana nyuzi za BA, ambazo haziingiliani na zile za kawaida za milimita. Skrubu ya 6 BA ina unene wa milimita 2.8, na ile ya milimita 3 utakayoipata duka la spea itaingia mzunguko mmoja au miwili halafu ikaze. Ukilazimisha, utakuwa umeua uzi ndani ya shaba, na shaba haina msamaha. Agiza za BA. Ni nyepesi, zinakuja kwa posta ndani ya bahasha.

Sasa boila. Wengi huanza na rangi kwa kuwa rangi ndiyo inayoonekana kuchakaa, na wanamaliza wakiwa na injini inayong'aa wasiyothubutu kuiwasha. Boila ndiyo inayoamua kama injini hii itatembea au itakuwa pambo, basi ianze yenyewe.

Jua kwanza unacheza na nini. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye usawa wa bahari inakuwa zaidi ya lita 1,600. Magari moshi makubwa ya Garratt daraja la 59, yaliyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki, yalibeba mvuke wa pauni 225 kwa kila inchi ya mraba. Mamod yako inafanya kazi kwa takriban pauni 10 hadi 15, na Roundhouse kwa takriban 40, yaani kupita kidogo presha ya tairi la Probox. Ni ndogo, lakini tairi halina maji yanayochemka ndani, na halikai sentimita chache kutoka kwenye uso wa mtoto aliyeinama kutazama.

Itikise ikiwa tupu karibu na sikio. Ikitoa sauti ya changarawe, kuna magamba ya chokaa yaliyobanduka. Weka siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya moto, au asidi ya limau ya unga, ikae kwa muda mfupi, imwage, utazame, urudie. Usiiache ilale humo. Shaba ya njano ikianza kuwa na rangi ya waridi, asidi imeanza kula zinki yake na chuma kinabaki dhaifu. Dawa za kusafishia choo na maji makali ya betri yasikaribie kabisa. Ukishamaliza, suuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia.

Kisha ipime kwa maji baridi, kamwe si kwa upepo. Maji hayabonyezeki. Boila iliyojaa maji ikipasuka, presha inashuka papo hapo na unalowa mikono tu. Iliyojaa upepo ikipasuka, inarusha vipande. Kwa sababu hiyohiyo hakikisha hakuna kiputo cha hewa kilichobaki: ijaze ukiiinamisha huku na huku. Toa vali ya usalama na uzibe tundu lake kwa nati au plagi ya uzi uleule, unganisha geji ya presha unayoiamini, na tafuta pampu. Huku kwenye mashamba ya viazi pampu haina shida. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa linatosha kwa injini za presha ya chini, mradi liwe jipya ambalo halijabeba sumu. Kwa zile za pauni 40, bomba la grisi lililojazwa maji linafaa zaidi, ila presha yake hupanda kwa kishindo, kwa hiyo bonyeza kidogo kidogo macho yakiwa kwenye geji.

Panda hadi presha ya kazi, simama, kagua. Halafu nenda hadi mara mbili ya hiyo. Boila ambayo ina historia inayojulikana wenye uzoefu huipima kwa mara moja na nusu, lakini yako haina historia, hivyo ichukulie kama mpya. Iache dakika kumi. Mshale usishuke, mbavu zisivimbe, jasho lisionekane kwenye viungo. Ikifaulu, andika tarehe na kipimo kwenye karatasi uiweke ndani ya boksi la injini. Boila za viwandani hukaguliwa na OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi. Hii ya kwako hakuna mkaguzi atakayebisha hodi.

Ikivuja kwenye uzi wa plagi au wa bomba, mara nyingi ni washa iliyokufa, au inahitaji mizunguko kadhaa ya tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ikivuja kwenye kiungo kilicholehemiwa, hapo subira inahitajika. Risasi ya fundi redio huyeyuka chini ya nyuzi 200, na boila ikikaukiwa maji sehemu iliyo juu ya moto hupita hapo haraka sana. Gundi ya chuma ni mbaya zaidi. Inashikilia siku ya majaribio ikaachia siku ya wageni. Kiungo cha boila kinataka kulehemiwa kwa fedha, na mtu aliye karibu na kazi hiyo ni fundi wa friji, ambaye kila siku anaunganisha mabomba ya shaba kwa moto mkali. Ila muulize vijiti vyake ni vya aina gani. Vile vya shaba na fosforasi ni vizuri kwenye friji, lakini havipendi moshi wenye salfa. Akikuambia boila hii imeshachoka, mwamini, uagize nyingine. Wapo wanaozitengeneza Uingereza kwa ajili ya injini za zamani.

Kuna watu wengine wa kuwauliza ambao wengi hawawafikirii. Njombe haina gari moshi la mvuke, lakini ina boila. Viwanda vya chai huko Kibena na Luponde vinahitaji joto kukausha majani, na TANWAT, kampuni ya miwati, imetumia mvuke wa kuni kwa miongo mingi. Mtu anayelinda boila ya namna hiyo zamu baada ya zamu anajua mambo matatu unayoyahitaji wewe: usawa wa maji, tabia ya vali ya usalama, na sauti ya kitu kinachotaka kuharibika. Kwa suala la mvuke ningemfuata huyo kabla ya kumfuata fundi yeyote wa reli.

Vali ya usalama yenyewe ifungue, isafishe, na uone kama springi haijaliwa na kutu na kama kigololi au kiti chake hakina mikwaruzo. Ukiwa na shaka, nunua mpya. Ni sehemu ya bei ndogo kuliko zote ukilinganisha na kazi yake. Usiikaze springi ili kupata nguvu zaidi. Aliyekutangulia huenda alifanya hivyo, ndiyo maana baada ya kuirudisha ni lazima uione ikifunguka kwa mvuke, geji ikiwa pale inapotakiwa, kabla injini haijasogea.

Jambo moja lisisubiri: injini zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na asbesto, kwenye tambi za taa ya spiriti au kwenye kitambaa kilichozungushiwa boila. Ukiona nyuzi za kijivu au nyeupe zinazochambuka, usizikwangue zikiwa kavu na usizipulize. Zilowanishe, zitoe zikiwa mbichi, zifunge kwenye mifuko miwili. Badala yake weka nyuzi za kioo.

Ukishaijua boila, iweke kando. Sasa magurudumu na silinda, na hapa ndipo mikono ya mtangulizi huonekana waziwazi.

Ondoa mikono yote, inayounganisha pistoni na magurudumu na inayounganisha magurudumu yenyewe. Weka fremu juu ya kioo cha dirisha. Gurudumu moja likining'inia, fremu ilikunjwa wakati wa kuunganisha. Zungusha kila ekseli kwa kidole. Izunguke bila kunung'unika. Halafu rudisha mikono, mmoja baada ya mwingine, na uzungushe tena kila mara. Ikikwama baada ya kurudisha mkono fulani, umempata mkorofi. Kosa linalojirudia sana kwenye injini za vipande ni pembe kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Pini ya upande mmoja inatakiwa itangulie ya upande wa pili kwa nyuzi 90, ili silinda moja ikiwa mwisho wa mwendo nyingine iwe katikati ikivuta. Ekseli zote zifanane katika hilo. Moja ikipotoka hata kidogo injini itachechemea, na mtu asiyejua atapanua tundu la mkono kwa tupa ili ipite. Ukikuta tundu lenye umbo la yai, ujue alifika hapo. Rekebisha pembe kwanza, ndipo utie bushi mpya kwenye tundu.

Injini za Mamod hazina vali za kuteleza. Silinda yenyewe huyumba, na uso wake hufungua na kufunga matundu ya mvuke huku springi ikiukandamiza. Uso huo ukiwa na mikwaruzo mvuke unapita kando na nguvu inapotea. Gundisha msasa wa maji namba 1000 au 1200, wa mafundi rangi za magari, juu ya kioo kinene, tia tone la maji na sabuni, na usugue uso huo kwa mizunguko ya namba nane, bila kukandamiza, hadi rangi yake iwe moja. Osha kila chembe. Injini zenye vali za kuteleza ni hadithi ndefu zaidi, lakini kanuni yake ni kwamba mvuke uingie pistoni inapokaribia kuanza kurudi, na iwe hivyo mbele na nyuma sawasawa.

Baada ya hapo nenda kwa fundi pancha. Upepo wake ni mkali mno, kwa hiyo nenda na kidhibiti presha, usipite pauni 15 au 20, na uunganishe kwenye bomba la silinda tu, boila ikiwa imebaki nyumbani. Tia mafuta, uiache izunguke polepole, magurudumu hewani. Sikiliza. Nusu ya kasoro zote hujitaja hapo, bila moto na bila hatari, na fundi pancha mwenyewe atakuwa ameshakusanya watu.

Mafuta yana masharti yake. Silinda ya mvuke inataka oili nzito ya silinda za mvuke, inayoshika kwenye chuma chenye maji ya moto. Oili ya injini ya gari huoshwa na mvuke ikatoka kwenye bomba la moshi, na baadhi ya oili za gia zina salfa inayokula shaba. Injini nyingi zina kikombe kidogo ambamo mvuke hugeuka maji, maji yakatulia chini, na oili ikasukumwa juu kwenda kwenye silinda. Kila ukimaliza safari nyonya maji yale kwa sindano ya hospitali na ukijaze kikombe oili upya. Kikombe kikavu ndicho kilichoua silinda nyingi ambazo lawama zake zilibebeshwa kiwanda.

Maji ya boila yawe ya mvua. Subiri mvua kadhaa zioshe vumbi la bati, ndipo ukinge. Ukinunua maji ya betri soma lebo mara mbili, kwani yale yaliyosafishwa na yale makali hukaa rafu moja kwenye maduka mengi, na chupa zake hufanana.

Kuhusu moto, mwinuko wetu unaingilia. Mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hewa ni nyepesi. Boila haipati hatari yoyote kwa hilo, lakini moto wa gesi uliopangiwa hewa ya Uingereza unaweza kuwaka njano na kutoa masizi. Ongeza njia ya hewa kabla ya kugusa tundu la gesi. Asubuhi za Juni na Julai gesi ya butane kwenye tenki dogo huwa baridi na haitaki kutoka. Liweke tenki kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto. Usithubutu kulijaza kutoka mtungi wa jikoni. Gesi ya jikoni huwa na propane, ambayo presha yake ni kubwa kuliko ile tenki hilo lilitengenezewa. Makaa ya mawe nayo yasikutamanishe kwa kuwa mkoa wetu unayo huko Mchuchuma, kwani injini ya spiriti au ya gesi haina jiko la makaa. Spiriti inatosha, ukipata ukuta wa kukinga upepo. Upepo wa Makambako huzima taa ya spiriti kabla kiberiti hakijafika chini.

Rangi nimeiweka huku mwisho makusudi. Kama iliyopo ni kazi nzuri, isafishe tu na uiache. Kama ni ya kutisha, itoe, paka ile ya ekzosi inayostahimili joto sehemu za moto, na ya kawaida kwingineko. Anayependa kuipa sura ya nyumbani ana mfano wa kuiga: vichwa vya mvuke vya Reli za Afrika Mashariki vilipakwa rangi ya damu ya mzee, na Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana Garratt namba 5918 iliyopewa jina la Mlima Gelai, mlima wetu ulio kando ya Ziwa Natron. Reli zile zilikuwa za upana wa mita moja, hivyo kwa mwenye njia ya upana wa milimita 45 uwiano ni karibu moja kwa 22. Mwenye Mamod ya milimita 32 itambidi afumbe jicho moja.

Njia yenyewe si lazima uagize. Fundi mbao yeyote wa Njombe atakuchania vijiti vya paini kwa mataruma, na pau bapa nyembamba za chuma zitasimama juu yake. Mviringo uwe mpana na uwe sawa. Mteremko mdogo usiouona kwa macho unatosha kuisimamisha injini au kuikimbiza hadi ianguke. Ukiwa huna nafasi, tengeneza kitanda cha jozi nne za beringi, injini ikae juu na kukimbia papo hapo. Mimi ningeanza na kitanda hata kama nafasi ipo.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, jaza maji kwa kipimo cha mtengenezaji, na spiriti au gesi ya kuwaka kwa muda mfupi kuliko maji yatakavyodumu, ili moto uzime wenyewe kabla boila haijakauka. Kwenye taa ya spiriti hilo linawezekana kwa kupima kwa sindano. Usijaze tena spiriti taa ikiwa bado ya moto. Miali yake mchana haionekani. Watoto wakae umbali wa hatua kadhaa, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Silinda baridi zitatema maji machafu kwanza, isukume injini kwa mkono mbele na nyuma hadi zipate joto. Tazama vali ya usalama ikifunguka. Isipofunguka presha ikiwa imepita kipimo, zima moto, rudi nyuma, usiguse kitu mpaka ipoe.

Ikishatembea, iache ipoe hadi uweze kuishika, mwaga maji yote, acha kifuniko wazi joto lililobaki likaushe ndani. Futa oili iliyorukia magurudumu, tia tone jipya kwenye kila ekseli. Msimu wa baridi usiache hata kijiko cha maji humo usiku, hasa ukiwa upande wa Makete ambako umande huganda.